Walimu watu wazima wacheze darasani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkufunzi wa walimu wa elimu ya awali. Nikiwapa wanachuo vifaa wacheze wenyewe, wanacheka na kuona haya. Mkuu wangu anasema napoteza vipindi na mada haziishi. Je, niwape nadharia tu, michezo wakakutane nayo kwenye mazoezi ya kufundisha?
– Mkufunzi mwenye mashaka

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifanye hivyo. Mwanachuo aliyekariri faida za mchezo kwa ajili ya mtihani utamsikia darasani: "Haya, wote jengeni nyumba kama yangu." Hajui kwamba hapo mchezo umekwisha, maana yeye mwenyewe hajawahi kucheza huku mwalimu akimwangalia.

Mwaga mezani vifuniko vya chupa, kamba, maboksi na vipande vya mbao. Waambie wajenge chochote kinachosimama, kisha nyamaza. Kuna atakayeuliza, "Unataka tutengeneze nini?" Usikimbilie kumjibu. Mtu mzima, msomi, bado anasubiri kuambiwa jibu sahihi, na kesho atawafundisha watoto kusubiri vivyo hivyo! Haya zitawatoka mnara wa kwanza ukianguka, waanze kubishana umeangushwa na nini.

Baada ya hapo kaa nao, uwaulize: Nilipokusogelea ulijisikiaje? Nani aliacha wazo lake alipoona jirani anasifiwa? Mazungumzo haya usiyaruke hata muda ukibana, kwa sababu bila hayo mkuu wako ana haki ya kulalamika. Andalio la somo waliandike baadaye, wakiwa bado wanakumbuka. Na mnara usiupe alama, tafadhali, la sivyo watajenga unaoupenda wewe. Kama alama ni lazima, mpe mwanachuo kwa anavyoeleza alichobadilisha na sababu yake.

Mkuu wako asidhani huu ni mtindo wa juzi. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya chekechea kule Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwafunza walimu kwa mipira na vibao vilevile vya watoto, na kwa michezo ileile ya kuimba. Hata serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, ilipozipiga marufuku shule hizo mwaka 1851, haikuchukua miaka 10 ikaziruhusu tena.

Mwalike mkuu kwenye kipindi kimoja. Asikae nyuma na daftari, aingie kikundini ajenge, na abaki hadi mwisho wa mazungumzo. Kisha mwonyesheni mada mliyoimaliza siku hiyo, na maandalio ya somo yaliyotokana nayo.