Jueni majirani kabla ya majina

Wadogo zangu mlioanza uuguzi mwaka huu hapa Mwanza, najua mnavyokariri. Mimi nilikuwa nakwenda na daftari kwenye mawe ya Capri Point, naimba mpaka giza: ovari, mirija, mfuko wa uzazi, shingo ya kizazi, uke. Maksi nilipata. Kisha siku ya kwanza wodini nikaambiwa nimwekee mama mpira wa mkojo, nikauingiza ukeni.

Nikasubiri mkojo. Wapi! Mama ananitazama, mimi natazama mfuko mkavu. Sista wa zamu hata hakunigombeza: "Uache huohuo ulipo. Chukua mwingine safi, panda juu kidogo." Ule uliopotea ukawa alama, nisiweze kurudia tundu lilelile. Tundu la mkojo liko chini ya kinembe, juu ya mlango wa uke, na njia yake ni fupi, kama sentimita 4 tu. Kwa mama aliyevimba baada ya kujifungua hujificha kabisa. Tenga mashavu ya uke, vuta taa karibu, usione haya. Ukiona haya wewe, mama naye anajisikia amefanya kosa.

Tangu siku hiyo kila kiungo nakiuliza jirani yake ni nani. Mfuko wa uzazi usio na mimba una urefu wa sentimita 7 au 8, na kwa wanawake wengi umeinama mbele juu ya kibofu. Nyuma yake ipo njia ya haja kubwa. Ujirani huo una kazi. Mama akishajifungua, kibofu kikijaa huusukuma mfuko wa uzazi na kuuzuia usijikaze, damu ikaendelea kumwagika. Kwa hiyo ukigusa tumbo ukakuta mfuko umelegea, ita msaada, usugue, na papo hapo uulize: amekojoa saa ngapi?

Mirija nayo inachanganya wengi, maana michoro huionyesha kama imeshonwa kwenye ovari. Haijashonwa. Mwisho wake una vidole laini vinavyolidaka yai, na umefunguka ndani ya tumbo. Mimba ikinasa mle, mrija ukapasuka, damu inajaa tumboni huku ukeni ikionekana kidogo tu. Aliyekosa hedhi, anaumwa tumbo la chini na kusikia kizunguzungu, msimpange foleni.

(Mnaokula sato na mayai yake pale Mwaloni: samaki yule hutengeneza mengine. Binti huzaliwa na akiba yake yote ya mayai.)

Kitu ambacho darasani hatukugusa ni maneno ya akina mama wenyewe. "Kizazi" kwa wengi ni chochote kilicho chini ya kitovu. "Chupa imepasuka" mnaijua. Gumu ni "sehemu za siri zinaniuma", kwa sababu hapo hujui kama ni nje, ndani ya uke, au akikojoa. Mimi natembea na kipande cha boksi nilichokichorea matundu yote matatu. Juzi bibi mmoja aliyevuka na kivuko kutoka Ukerewe, ambaye kadi yake ilikuwa imeandikwa maumivu ya uke, alichukua kalamu yangu akagusa tundu la juu kabisa.

"Hapa, mjukuu wangu. Nikikojoa tu."