Barua kwa mwanangu anayetaka ubaharia

Mwanangu,

Sisi huku Mwanga hatujambo. Mama yako ameshuka Kibirizi tangu alfajiri na karudi mikono mitupu, mwezi ni mpevu na mitumbwi ya dagaa imelala ufukweni. Nimeona nisikujibu kwa simu, maana mambo ya vyeti yanataka mtu ayasome, ayaache, kisha ayarudie.

Umeuliza kama umkubalie huyo wakala wa Dar anayetaka milioni mbili, akupitishe kwenye kozi fupi na kukupandisha meli Dubai mwezi ujao, au uende chuo uwe ofisa. Halafu mwishoni ukachomekea swali ambalo ndilo zito kuliko yote: muda wa kazi kwenye meli za ziwani kwetu Tanganyika, je, hauwezi kuhesabiwa kwenye muda wa baharini unaodaiwa kwa vyeti?

Nianze na wakala, kwa sababu pesa ikishatoka hairudi. Duniani upo Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013. Unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Vitu anavyojilipia baharia ni cheti cha afya cha nchi yake, kitabu cha baharia, na pasipoti. Basi. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Sasa muulize huyo bwana milioni mbili ni za nini, akuandikie kwenye karatasi moja baada ya nyingine. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alilipa, akakaa gesti Dar akingoja tiketi mpaka akauza simu ili apate nauli ya treni ya kurudia. Nitumie jina la kampuni na namba ya leseni. Nitakwenda mwenyewe hapa Kigoma ofisi ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia mambo ya meli, nikaulize kama wanamtambua. Akikataa kutoa namba ya leseni, umeshapata jibu bila ya mimi kutembea.

Hizo kozi fupi zenyewe si uongo. Kila anayefanya kazi kwenye meli ya bahari kuu lazima awe nazo, kwa mkataba wa STCW wa 1978, ule wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, uliofanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010. Zipo nne za msingi: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wako pamoja na wajibu wako kwa wenzako chomboni. Juu yake kuna ya ulinzi wa meli. Kwenye ile ya kujiokoa utaruka majini kutoka juu ukiwa na jaketi la kuokolea, ugeuze boti la mpira lililopinduka, kisha ulipande. Wewe uliyeoga Katonga tangu hujaanza shule hutababaika. Ya kujiokoa na ya moto unatakiwa kuthibitisha kila miaka mitano kwamba bado unaziweza.

Lakini shika hili: kozi hizo zinakupa ruhusa ya kukanyaga meli, hazikupi cheo wala zamu. Mawakala wanapenda kulifumba jambo hilo. Kijana anatoka na vyeti vitano kwenye bahasha ya plastiki, anajiita baharia, kumbe mwenye meli akivitazama anaona mtu asiye na hata siku moja ya bahari. Kuwa msaidizi wa zamu tu, yule anayeshika usukani kwa amri ya ofisa, kunahitaji miezi sita ya baharini, au mafunzo maalumu pamoja na miezi isiyopungua miwili. Kuwa baharia kamili wa sitaha, yaani wa kazi za juu ya meli na si za injini, miezi kumi na minane, au kumi na miwili ukiwa na mafunzo yaliyoidhinishwa. Ni njia halali na wapo waliopanda nayo mpaka unahodha. Ila ukitaka uofisa kwa kupitia huko unadaiwa miezi 36 ya baharini kabla ya mtihani, na miezi hiyo hutaipata kwa mfululizo. Mkataba unaisha, unarudi nyumbani, unangoja mwingine.

Anayepitia chuo kama kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa, na kujaziwa kitabu cha mafunzo na ofisa wa meli kazi kwa kazi, anatakiwa miezi 12, sita kati yake akiwa kwenye zamu ya darajani, pale meli inapoongozwa, chini ya ofisa. Tofauti ya 36 na 12 ndiyo inayonifanya nikuambie uende chuo. Una PCM ya kidato cha sita. Fizikia na hesabu ndivyo wanavyotazama kwanza. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kinafundisha unahodha na uhandisi wa meli, stashahada mpaka shahada. Kwa shahada unaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo. Kitakachopungua tutakitafuta, mimi na mama yako tumeshalizungumza.

Na siku ukifika pale, kabla ya kulipa hata senti, kaulize: miezi 12 ya meli ataitafuta nani? Chuo, au mimi mwenyewe? Waliomaliza mwaka jana wamepanda meli wangapi? Waulize na wanafunzi wenyewe pale kwenye chai, hao hawana sababu ya kukupamba. Darasani wengi hufaulu. Wanakwama kwenye kupata meli ya kufanyia mazoezi, na mtu mwenye shahada asiye na muda wa bahari hapewi na TASAC cheti cha umahiri, kile cha kuwa ofisa, hata awe wa kwanza darasani.

Hapo ndipo swali lako la ziwa linapoingia. STCW inazungumzia meli za baharini, na imezitoa zile zinazotembea kwenye maji ya ndani pekee. Kwa hiyo muda wa hapa, uwe Kigoma kwenda Mpulungu au Kigoma kwenda Kalemie, usiuwekee hesabu kwenye ile miezi 12. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 na upepo wake unaujua, ila kwenye karatasi ni maji ya ndani. Meli yetu ya Liemba yenyewe ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa treni na kuunganishwa hapa Kigoma. Ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na bado haihesabiki kuwa meli ya bahari! Sisemi usikanyage meli za huku. Ukipata nafasi ya mazoezi wakati wa likizo, nenda. Utajua kama tumbo lako linastahimili mawimbi na kama masikio yako yanastahimili injini. Vyeti vya maji ya ndani vipo pia, na ndivyo vilivyokulisha.

Kuhusu sitaha au injini, unajua nitasema nini. Nimekula chumvi chini kwenye injini rumu. Huko ni joto, kelele, na zamu ya saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri wakati wengine wamelala, lakini fundi wa injini akiichoka bahari ana pa kwenda: mitambo ya umeme, viwanda, karakana. Ofisa wa sitaha akishuka nchi kavu milango yake ni michache zaidi. Hata hivyo sitaki uishi maisha yangu. Kama unataka ramani na nyota, nenda sitaha.

Ila kwanza kapime macho. Hili lifanye wiki hii hukohuko Tabora, kabla ya fomu yoyote. Miwani haina shida, shida ni rangi. Ofisa wa darajani akiona taa nyekundu usiku ajue anatazama ubavu wa kushoto wa meli ya mwenzake, na ya kijani ni wa kulia; asiyezitofautisha hapewi zamu. Wapo wanaoligundua jambo hili baada ya kulipa ada. Cheti rasmi cha afya utakipata baadaye kwa daktari anayetambuliwa, nacho hudumu miaka miwili tu.

Mama yako ananisukuma niandike kuhusu usichana wako. Ni kweli, kwa hesabu za 2021 wanawake walikuwa zaidi kidogo ya mmoja katika kila mabaharia mia. Kwa hiyo utajikuta peke yako kati ya wanaume ishirini, miezi mingi. Sheria inakupa saa kumi za kupumzika katika kila ishirini na nne, chumba chako, mkataba ulioandikwa wenye njia ya kulalamika, na nauli ya kurudi nyumbani. Soma mkataba mpaka mwisho kabla ya kusaini, na nakala uniachie mimi. Mama yako anasema hilo halijamtosha, atakupigia mwenyewe.

Nasubiri majibu ya macho na jina la huyo wakala. Ofisi ya TASAC nitapita Jumatatu asubuhi, kwa hiyo nitumie kabla ya Jumapili jioni.

Baba yako,
Mwanga, Kigoma