Mtu anakua mpaka wapi? Barua kwa mwanangu

Goma, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Sauti yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nje, nimekaa juu ya bidoni ya maji, maana ndani watoto wa dada yako hawaachi mtu asikie. Unasema umebatizwa tangu 2014, unasali, fungu la kumi unatoa, pombe huijui, na bado mchungaji wa huko Lubumbashi kila Jumapili anawaambia hamjakua. Ukauliza: "Mama, mtu anakua mpaka wapi?" Nikasikia umechoka. Ningekujibu kwa sauti kama ulivyouliza, lakini kuna maneno mdomo unayakimbia. Afadhali kalamu.

Kwanza nikutue mzigo mmoja. Kama mchungaji anapima kukua kwa unene wa bahasha au kwa hesabu ya mikesha, hapo msikilize kwa sikio moja. Wokovu ulipewa bure, hakuna wa kukutoza kodi juu yake. Lakini swali lenyewe silidharau, kwa sababu mimi nililijibu vibaya kwa miaka kumi na tisa.

Januari 2002, mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ulipopasuka, wewe ulikuwa wa kubebwa mgongoni. Tulikimbilia Gisenyi na godoro moja na sufuria. Tuliporudi tulikuta mji umekatwa vipande viwili, moto umepita katikati mpaka ziwani, na kiwanja chetu kimekuwa jiwe jeusi lililokuwa bado linachoma chini ya kandambili. Nyumba hakuna, ua hakuna, mparachichi hakuna. Na mpaka hakuna. Watu wakaja na kamba kupima upya, kila mmoja aonyeshe pake. Mama jirani, yule mjane, alikuwa bado kwa ndugu zake Bukavu. Nikaonyesha pangu, nikaonyesha na hatua mbili za pake.

Sikuwa nimepanga. Mguu ulikwenda wenyewe, ndivyo nilivyojiambia. Tukajenga ukuta wa mawe pale pale. Mama jirani aliporudi aliutazama ule ukuta, akanitazama mimi, akasema "Bwana asifiwe", akaingia kwake.

Basi nikaendelea na Ukristo wangu. Nani angeniambia sikui? Korali nilikuwemo. Shule ya Jumapili niliifundisha mimi, hata somo la Zakayo, yule aliyesema atarudisha mara nne, na watoto wakaliimba vizuri sana. Wamama wakanichagua niwe mshauri wao. Kila mwaka kitu kiliongezeka, isipokuwa kwenye ile mita moja na nusu ya mawe. Hapo hata katika maombi nilikuwa napita haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka tena. Unakumbuka zile siku tano za tetemeko, halafu amri ya kuhama, halafu njia ya Sake, watu na magodoro na mbuzi na chukudu, zile baiskeli zetu za mbao. Tulilala katika darasa la shule. Mwaka ule nilikuwa nasoma Biblia kwa mfululizo, bila kuruka, mara ya kwanza katika maisha yangu. Zamani nilikuwa mtu wa Zaburi na vile vifungu vinavyonipendeza. Wewe umelala pembeni, mimi na tochi ya simu, nikafika Kumbukumbu la Torati 27: "Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake. Na watu wote waseme, Amina." Nikazima tochi. Sikusema Amina.

Ndiyo maana nakwambia kuhusu Petro. Alitembea na Yesu kwa miguu yake, akahubiri siku ya Pentekoste, watu kama elfu tatu wakabatizwa. Ungesema huyu amefika. Lakini baadaye kule Antiokia aliacha kula na watu wa Mataifa kwa kuwaogopa watu waliotoka kwa Yakobo, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Soma Wagalatia 2. Mzee wa kanisa, anakemewa mezani kama kijana! Na ule waraka wa pili wenye jina lake unafunga na neno gani? "Kueni katika neema." Mimi nikilisoma neno lile sasa sisikii mtu anayenidai kitu. Nasikia mtu aliyekamatwa akiwa tayari mkubwa.

Kwa hiyo usijiulize umeongeza nini. Angalia ni wapi unapita haraka. Mimi sijui kwako ni wapi, na usiniambie kama hutaki. Mwambie Mungu, kisha mwambie mwenye haki yake.

Tuliporudi kutoka Sake nilikaa wiki mbili nzima kabla ya kwenda kwa mama jirani. Nilienda na kilo mbili za maharage, kana kwamba maharage yangesema kwa niaba yangu. Nikamwambia. Akaendelea kuchambua majani ya sombe. Akasema, "Nilijua tangu siku ile niliyorudi. Kaa, chai iko motoni." Nililia, yeye hakulia. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi mno.

Sasa unaelewa. Ulipoona wale vijana wawili na nyundo wanabomoa ukuta mzima, uliniuliza kuna nini, nikakujibu tunarekebisha. Wewe mwenyewe ukabeba mawe siku mbili, ukalalamika mgongo. Leo ndio nakwambia ulikuwa unabeba nini.

Usifikiri nimemaliza. Juzi tu nilimsemea vibaya dada yako mbele ya wageni, na kumwomba msamaha mtoto niliyemzaa kulinishinda mpaka jioni. Ukienda kule Munigi utaona mawe ya 2002: kwanza yalivaa kitu cha kijivu kama vumbi lililoganda, halafu kangaga zikatokea kwenye nyufa, na sasa kuna majani. Ukuta wetu mpya bado ni mweusi. Mama jirani amepanda maboga kwenye zile hatua mbili, na matawi yake yanayotambaa yameanza kuupanda ukuta kuja upande wangu. Majani yake ananiambia nichume.

Jambo la mwisho. Paulo akiwa kifungoni, anajua siku zake zimekwisha, alimwandikia Timotheo amletee joho lake na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Mimi joho sihitaji, Goma baridi tumeizoea. Ila miwani yangu imevunjika mguu, naishikilia kwa uzi, na niko Waebrania sasa, herufi zimekuwa ndogo. Ukipata mtu anayekuja huku, nitumie nyingine. Namba ni ile ile, ongeza kidogo.

Mama yako