Usimtoe Mkimya, Mtoe Tapeli

Juzi dada mmoja wa Nachingwea, admini wa grupu la WhatsApp la wakulima wa ufuta, aliniandikia kwamba nusu ya watu wake hawachangii hata neno, na wanaochangia wanaleta utapeli mtupu. Akauliza: "Kaka, niwatoe wote wasioongea, tubaki wachache wenye nia?"

Hapana, dada yangu. Hao usiwaguse.

Grupu ninalolisimamia mimi ni la wakulima wa korosho, watu wa Tandahimba, Newala na Mtwara Vijijini. Kwetu hela inaonekana minada ikianza, kuanzia Oktoba hivi. Ikifika Machi bando ni anasa. Mtu anawasha data siku ya gulio, anasoma, anazima. Ukihesabu waliolala mwezi huo utafukuza kijiji kizima. Kuna mama wa Kitangari hajawahi kuandika hata salamu. Mjukuu wake ndiye humsomea. Tulipokutana kwenye chama cha msingi alinirudishia, bila kuacha kitu, maelekezo yangu ya kupulizia salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Tangu hapo mtu akiniambia wakimya ni mzigo, nakereka kweli.

Mimi nasubiri msimu uchanganye. Naweka ujumbe ambao hakuna mkulima ataupita, bei ya mnada kwa mfano, kisha baada ya wiki kadhaa naubonyeza na kutazama taarifa zake. Kwenye grupu hakuna anayeweza kuficha tiki za bluu: utaona aliyesoma na aliyefikiwa tu; asiyekuwemo kwenye orodha zote mbili ndiye ambaye haujamfika kabisa. Huyo wa mwisho nampigia. Laini iliyoachwa muda mrefu inaweza kugawiwa mtu mwingine, kwa hiyo akipokea mgeni asiyejua hata shamba, naitoa namba siku hiyohiyo. Akipokea mwenyewe, tunasalimiana, anabaki.

Matapeli ndio walioniumiza. Mzee mmoja ninayemheshimu, jirani kabisa, alikuwa haachi kusambaza matangazo ya mikopo ya haraka na ile "umechaguliwa kupata mgao wa salfa, tuma elfu kumi ya usajili". Nilimfuata inboksi kwa adabu, nikamrudia tena, hakusikia. Nikamtoa. Akazunguka akisema najiona, nachagua watu kwa ukoo. Msibani nikakaa kwenye mkeka, wenzangu wakahamia mkeka mwingine. Wengine waliondoka naye wakaanzisha grupu lao. Mpaka leo sijalisahau, na sijamrudisha. Wale waliokuwa tayari kutuma hiyo elfu kumi wako na hela zao mfukoni, na hilo najivunia.

Ndiyo maana nasema admini mwenye muhali asikubali kazi hii. Ukimwonea haya mzee mmoja, unamwibia mjane asiyejua kutofautisha tangazo la chama na la mwizi. Watu wamekuamini. Simama!

Linki uliyoibandika kila mahali ibadilishe leo, maana matapeli wengi wanaingilia hapo, halafu washa kile kipengele cha kuidhinisha kila anayeingia. Muulize kijiji chake na chama chake; mkulima wa kweli anajibu palepale. Ujumbe wa kitapeli ufute kwa wote, siyo kwako tu, na namba ya simu iliyomo iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Waambie pia wanachama wasimpe mtu yeyote ile namba ya tarakimu sita ya kusajili WhatsApp inayokuja kwa SMS, hata akiombwa na "admini". Akaunti ikishatekwa, tapeli anaongea kwa jina la ndugu yako, na huyo ni mgumu kuliko mgeni yeyote. Wewe mwenyewe weka uthibitisho wa hatua mbili kwanza, yaani PIN yako ya siri ndani ya WhatsApp, kwa sababu wakikupata wewe wamepata grupu zima.

Wasioongea waache mpaka katikati ya mwaka, minada ya ufuta ikianza. Weka bei ya mnada wa kwanza, subiri, kisha tazama nani haujamfikia. Uanze kupiga simu.