Pakiti za sauti za kinanda: nunua au wacha?

Kaka, umeuliza kama ununue pakiti za sauti, yaani mafaili ya kuongeza sauti mpya kwenye kinanda. Kwa kinanda chako cha Yamaha PSR-SX700, pakiti ya udi na kanuni, zile ala za nyuzi za Kiarabu, yafaa, lakini usitoe pesa kabla hujamaliza za bure. Yamaha wana pakiti za bure kwenye tovuti yao, waziingiza kwa programu ya Yamaha Expansion Manager, nayo ni bure pia. Nafasi ndiyo ya kuangalia: SX700 ina kama MB 400 za kuongeza sauti, SX900, kaka yake mkubwa, kama GB 1. Pakiti kubwa mbili tatu, imejaa.

Napiga harusi hapa Mombasa na SX900, na naweza kukwambia taarab haitoki kwenye pakiti peke yake. Ile robo sauti, noti iliyo kati ya noti mbili za jirani kwenye kinanda, waipata kwa Scale Tune, mpangilio wa kupandisha au kushusha kila noti kidogo, imo ndani ya kinanda tayari: shusha noti senti 50 (nusu ya hatua hadi noti ya jirani), basi hata fidla za kiwandani zaanza kulia Kiarabu. Udi ndio niliolipia, sijuti, kwa sababu ule wa ndani ukipiga haraka wasikika kama gitaa.

Zile flashi za "sauti elfu" za mitaani wachana nazo. Nilinunua moja, nyingi zilikuwa midundo tu, si sauti. Na pakiti ya kulipia hufungwa kwa kinanda chako, kwa hivyo ya kunakili kwa rafiki haifunguki.

Mwenye PSR-E, vile vinanda vya Yamaha vya wanaoanza, asahau kabisa, zile hazipokei pakiti.