Drive ya ofisi nawawekea kwa mkono, nimechoka

SWALI: Habari ya kazi kaka. Mimi niko IT kwenye saccos moja huku Morogoro, tuna kompyuta 35 na seva moja ya Windows, zote zipo kwenye domeni, yaani zinasimamiwa pamoja toka kwenye seva. Folda za uhasibu na mikopo ziko kwenye seva, basi mimi nazunguka meza kwa meza kumuwekea kila mtu drive ya kufungulia hizo folda, akihama kitengo naanza upya, na kuna wengine wakichomeka flashi drive ya ofisi inagoma kabisa. Hakuna namna ya kuweka mara moja ikawafikia wote?

JIBU: Pole sana dada yangu, namna ipo tena huhitaji kununua kitu, imo humo humo kwenye Group Policy (sehemu ya kupangia kompyuta zote mipangilio toka kwenye seva) tangu Windows Server 2008.

Ila kwanza panga magrupu. Usimpe mtu ruhusa kwa jina lake, tengeneza grupu la Uhasibu na la Mikopo kwenye Active Directory (orodha ya watumiaji na kompyuta za domeni), watie watu humo, halafu ruhusa ya folda lipe grupu. Na ruhusa ziko mbili, ya kushea na ya NTFS (ya folda yenyewe kwenye diski), mtu akiingia kupitia mtandao ile inayobana zaidi ndo inafanya kazi, hapa ndo wengi wanahangaika siku nzima.

Kisha tengeneza polisi mpya (policy, yaani seti ya mipangilio ndani ya Group Policy), ingia User Configuration, Preferences, Windows Settings, utakuta Drive Maps. Andika njia kama \\seva\uhasibu, chagua Update, achana na Replace maana hiyo inafuta drive na kuiunga upya na mtu anaweza kuwa katikati ya Excel yake. Reconnect usiiweke tiki. Kwenye Common washa Item-level targeting uielekeze kwenye grupu la Uhasibu, hapo mtu akihama wewe unambadilisha grupu tu, akitoka na kulogini tena drive ya zamani haipo, mpya ipo.

Ya flashi tatizo ni herufi ya drive. Flashi inachukua herufi za mwanzo mwanzo, E au F, sasa ukiipa seva hizo hizo lazima zigombane. Weka za mbali, U ya uhasibu, M ya mikopo, na watu watazikariri haraka.

Na tafadhali sana, usiweke paswedi ndani ya polisi. Microsoft waliifunga hiyo sehemu mwaka 2014 kwa sababu ufunguo wa kuifumbua unajulikana na kila mtu, na faili zenyewe mtumiaji yeyote wa domeni anazisoma. Kama aliyekutangulia aliweka, tafuta neno cpassword kwenye SYSVOL (folda ya seva inayokaa faili za polisi), futa, na hiyo paswedi ibadilishe leo leo.

Jaribu kwa mtu mmoja kwanza, piga amri ya gpupdate /force kwenye kompyuta yake, atoke alogini tena. Ikigoma piga gpresult /r kwenye kompyuta yake, kama polisi yako haimo kwenye orodha angalia uliiunga wapi, mara nyingi unakuta mtu kaiweka kwenye OU (fungu la ndani ya Active Directory) ya kompyuta badala ya OU ya watu.