Nukta kabla ya mkwaju

Julai hapa Uyole asubuhi huwa na baridi ya kukata mikono. Ilikuwa asubuhi kama hiyo nilipompelekea mzee aliyekuwa akinisimamia hesabu za shamba la viazi la Umalila. Tulitaka kujua kanieneo ya mvuke hewa inaposhiba unyevu, siku kwa siku, kama hatua ya kukadiria unyevu, maana bakajani chelewa, ugonjwa wa viazi, hustawi kwenye unyevu. Mzee akaipitia karatasi, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, siku zote hizi hewa ilikuwa ileile?"

Joto la kila siku nilikuwa nimeliweka kwenye vekta T, yaani orodha ya namba, nikaandika fomula ya Tetens, inayotoa kanieneo hiyo kutokana na joto, kama ilivyo kitabuni:

e = 0.6108*exp(17.27*T/(T+237.3))

Octave, programu ya kukokotoa niliyoitumia, haikutoa onyo lolote. Ilitoa namba moja, nami nikaijaza siku zote.

Jaribu kwa T = [10 20]. Utapewa 1.716. Majibu ya kweli ni mawili, 1.228 na 2.338, kwa kilopaskali. Hatari iko hapo: 1.716 imekaa katikati yao, inafanana kabisa na wastani, na wala si wastani, kwa kuwa wastani wao ni 1.783. Kosa la namna hii hulioni kwa macho.

Chanzo ni ule mkwaju. Kati ya vekta mbili, alama / haigawi namba kwa namba. Inatafuta X ambayo ukiizidisha na vekta ya kulia utaikaribia ya kushoto kadiri inavyowezekana. Safu mlalo zikikutana, X ni namba moja. Ukiiandika T kwa safu wima, unapata matriksi, yaani jedwali la namba, ya 2 kwa 2, na hapo angalau utashtuka. MATLAB, programu ambayo Octave inaifuata, mwanahisabati Cleve Moler aliitengeneza ili wanafunzi wake wafanye hesabu za matriksi bila kuandika programu kwa lugha ya Fortran. Ndiyo maana alama tupu ni za matriksi, na anayetaka namba kwa namba huongeza nukta:

e = 0.6108*exp(17.27*T./(T+237.3))

Mimi nilikuwa nimeijaribu fomula yangu kabla, kwa nyuzi 20 peke yake, ikatoa jibu sahihi. Kwa namba moja / na ./ ni kitu kimoja! Kwa hiyo, wadogo zangu, jaribuni kwa thamani tatu zinazotofautiana, kila moja mkiwa mmeipiga kwa kikokotoo pembeni, kisha muandike size(e) muone kama inalingana na size(T). Ni kazi ya dakika tano.

Kipeo nacho ni hivyohivyo: A^2 ni matriksi mara matriksi, A.^2 ni mraba wa kila namba. exp haina shida, inapita kwenye kila namba. Ya matriksi nzima ni expm.

Mtego mwingine ni if. Ukiandika if T < 10, sharti linatimia pale tu siku zote zilipokuwa chini ya nyuzi 10. Kuhesabu siku za baridi, andika sum(T < 10).

Wanaotumia NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, wana nafuu, maana kwao * na / ni namba kwa namba tangu mwanzo, na matriksi huzidishwa kwa @. Ila ukihamisha fomula kutoka huko kuja Octave, pitia kila alama upya.